LSD kwenye gari la spoti: kuchagua, kufunga na kuseti

Gari la spoti lenye difu ya kawaida (difu ni seti ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) hupoteza nguvu pale pale unapoihitaji. Linapotoka kwenye kona, uzito umelalia magurudumu ya nje na la ndani limebaki jepesi. Ukikanyaga mafuta, hilo jepesi ndilo linalozunguka bure. Sababu iko kwenye gia ndogo za ndani ya difu: zinagawa nguvu nusu kwa nusu, siku zote. Gurudumu moja likishindwa kubeba zaidi ya Nm 100 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), mwenzake naye hapati zaidi ya Nm 100, hata kama lami iliyo chini yake ingeweza kubeba mara tatu ya hapo. Difu ya LSD (limited-slip differential, yaani difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure) huvunja mgawo huo na kupeleka ziada kwenye gurudumu lililoshika.

Kuifunga si kazi ya misuli, maana bolti ni chache. Kinachoua difu ni vipimo vilivyokisiwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni vipimo. Tunazungumzia gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye magari mengi ya kusukumwa na ya mbele difu imo ndani ya giaboksi. Kazi ni kushusha giaboksi lote, na kinachosetiwa pale ni mkazo wa beringi tu, yaani jinsi zinavyobanwa.

Ya gia au ya pleti

LSD ya gia, mfano wake unaojulikana zaidi ukiwa Torsen, huzidisha kile ambacho gurudumu dhaifu linaweza kubeba. Ikiwa uwiano wake ni 2.5 na gurudumu dhaifu linabeba Nm 100, lenye mshiko litapata hadi Nm 250. Inafanya kazi kimya, haina pleti za kuisha, na barabarani haichoshi. Udhaifu wake uko kwenye hesabu hiyo hiyo: gurudumu likinyanyuka kabisa hewani linabeba sifuri, na sifuri mara 2.5 ni sifuri.

LSD ya pleti ina klachi ndogo zinazobanwa na springi, kisha zinabanwa zaidi kadiri unavyokanyaga mafuta. Gurudumu likiwa hewani bado inasukuma. Ya njia moja hubana unapoongeza mafuta tu. Ya njia mbili hubana pia unapoachia. Ya njia moja na nusu hubana kidogo wakati wa kuachia. Kwa gari linalotembea barabarani na kwenda uwanja wa mbio mara chache, chukua ya gia. Kwa gari la mbio tupu au la kudrifti, chukua ya pleti. Ya njia mbili kwenye gari la kila siku haifai: ukiingia kona huku umeachia mafuta, gari linataka kwenda moja kwa moja, na kwenye maegesho italia kila ukikata usukani.

Kabla hujanunua

Jina la gari peke yake halitoshi. Mazda MX-5 ya kwanza yenye injini ya 1.6 ilikuwa na difu ya inchi 6, na ile ya 1.8 iliyoanza mwaka wa modeli 1994 ilikuwa na difu ya inchi 7. Kiini cha Torsen cha hiyo ya pili hakiingii kwenye nyumba ya ile ya kwanza. Anayekitaka huhamisha difu nzima pamoja na ekseli na propela shafti yake. Mtego wa aina hii uko kwenye magari mengi. Hakikisha idadi ya meno ya ekseli, kipenyo cha krauni (gia kubwa ya duara inayofungwa kwenye kiini cha difu), idadi na unene wa bolti zake, saizi ya beringi za pembeni, na kama pete ya sensa ya ABS imo ndani ya difu.

Agiza pia beringi mbili mpya za pembeni, sili za ekseli, bolti mpya za krauni, seti ya shimu (pete nyembamba za chuma za kurekebisha nafasi), oili, na gasketi au silikoni ya kifuniko. Krauni na pinioni yako (gia ndogo inayoizungusha krauni) vitabaki, navyo ni mume na mke. Usichukue krauni ya difu nyingine ukaioanisha na pinioni yako, hata kama idadi ya meno inalingana.

Vifaa ambavyo huwezi kuvikwepa ni geji ya saa yenye stendi ya sumaku, spana ya toki, presi, pula ya beringi, na rangi ya kupakia meno. Bila geji ya saa, usifungue difu.

Kushusha na kupima kwanza

Pandisha nyuma yote kwenye stendi. Legeza nati ya kujazia oili kabla ya ile ya kumwagia. Wengi hufanya kinyume, difu ikishakauka ndipo wanagundua nati ya juu imegoma. Tazama sumaku ya nati: uji mwepesi wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha vinamaanisha krauni au beringi imeumia, na kuweka LSD juu yake ni kupoteza fedha.

Weka alama ya rangi kwenye flanji ya propela na ya pinioni ili zirudi zilivyokuwa. Chomoa ekseli, shusha difu, fungua kifuniko.

Sasa, kabla ya kulegeza bolti yoyote, pima mchezo wa meno, yaani nafasi iliyopo kati ya meno ya krauni na ya pinioni. Simamisha ncha ya geji kwenye jino la krauni karibu na ukingo wa nje, shika pinioni isigeuke, tikisa krauni, soma. Rudia sehemu nne za mzunguko na uandike. Vitabu vya magari mengi ya ukubwa huu hutaka kitu kati ya milimita 0.10 na 0.20. Lakini krauni iliyokwisha kutembea imezoea nafasi yake, na namba uliyoikuta kwenye difu isiyolia ina thamani kuliko namba ya kitabu. Lenga kuirudisha hiyo.

Vifuniko vya beringi vimechongwa pamoja na nyumba yake, kwa hiyo vipige alama ya kulia na kushoto, juu na chini. Ukivibadilisha, beringi inakaa kwenye tundu lisilo duara. Shimu za kila upande zifunge mfuko wake na uzipime unene.

Kuhamisha krauni

Legeza bolti za krauni kwa mkato wa msalaba. Zikigoma isivyo kawaida, tazama kama vichwa vina herufi L: baadhi ya difu zina uzi wa kushoto, unaolegezwa kwa kugeuza kulia, na ukilazimisha utazikata. Igonge krauni kwa nyundo laini ukizunguka, isitoke upande.

Safisha uso wa LSD mpya na mgongo wa krauni, pitisha jiwe laini la kunolea kuondoa vijinundu. Kijiwe kidogo cha uchafu kilichobaki hapo kitaifanya krauni iyumbe, na utahangaika na shimu bila kujua tatizo si shimu. Pasha krauni kwa oveni hadi kama nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, iteleze mahali pake. Usitumie moto wa gesi. Unaharibu ugumu wa meno. Usiivute kwa bolti pia, inakaa upande. Ikishapoa, paka bolti mpya gundi ya uzi, kaza kwa msalaba kwa hatua tatu hadi toki ya kitabu cha gari lako.

Kuseti

Hapa ndipo penye kazi. LSD mpya haina vipimo sawasawa na kiini cha zamani, tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita ni ya kawaida, kwa hiyo shimu za zamani ni mahali pa kuanzia tu. Kama shimu za difu yako hukaa chini ya beringi, chukua beringi za zamani, chonga tundu la ndani mpaka ziteleze kwa mkono, uzitumie kwa majaribio. Zitakuepusha kung'oa beringi mpya mara tano na kuziharibu.

Kanuni ya kukumbuka: kuisogeza krauni kwa milimita 0.10 hubadilisha mchezo wa meno kwa takriban 0.07. Umepata 0.22 na unataka 0.12? Unahitaji kupunguza 0.10, yaani kusogeza krauni kama 0.14 kuelekea pinioni. Ongeza shimu ya 0.14 upande wa mgongo wa krauni, toa 0.14 upande wa pili. Jumla ikibaki ile ile, mkazo wa beringi haubadiliki. Ukiongeza upande mmoja bila kutoa mwingine, beringi zitabanwa kupita kiasi na kuungua.

Pima tena sehemu nne. Namba zikitofautiana zaidi ya 0.05 hadi 0.07, krauni inayumba. Rudi ukasafishe.

Kisha paka rangi meno machache, zungusha pande zote mbili huku msaidizi akiizuia krauni kidogo, utazame alama. Inatakiwa katikati ya jino, au ielekee kidogo ncha ya ndani. Alama iliyokimbilia ncha ya ndani kabisa inasema mchezo ni mdogo. Ya ncha ya nje inasema ni mkubwa. Iliyo juu kabisa ya jino au shinani kabisa inahusu kina cha pinioni, na hiyo hukuigusa. Ukiiona, ujue difu ilikuwa na tatizo kabla yako.

Nati ya pinioni iache. Ukiilegeza unahitaji bushi mpya ya kupondeka (ile inayopondwa nati ikikazwa ili kuweka mkazo wa beringi) na kuseti mkazo upya.

Oili na kuzoeza

LSD ya gia hutumia oili ya kawaida ya gia ya daraja la GL-5, mara nyingi 75W-90. Ya pleti inataka oili iliyoandikwa LSD au nyongeza ya kupunguza msuguano. Bila hiyo pleti hushika na kuachia kwa mikupuo, na utasikia mitetemo na kelele kwenye kona za taratibu. Fuata kiasi alichotaja mtengenezaji, kwa sababu nyongeza ikizidi difu inateleza kama ya kawaida.

Ya pleti izoeze kwenye uwanja mtupu: zunguka taratibu kwa umbo la namba nane, dakika 15 hadi 20, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, kisha iache ipoe kabisa. Tembea kilomita 500 hadi 1,000 za upole, mwaga oili hata kama ni mpya, usafishe sumaku.

Kuanzia siku hiyo, usiwashe gari na kuweka gia huku gurudumu moja la nyuma liko chini na lingine kwenye jeki. Lililo chini litasukuma na gari litaruka jeki. Matairi ya nyuma yawe ya saizi moja na uchakavu mmoja, la sivyo pleti zinasuguana hata kwenye barabara iliyonyooka.

Sikiliza linavyolia. Mluzi unapokanyaga mafuta tu, au unapoachia tu, unatoka kwenye mgusano wa meno. Mngurumo usiobadilika unatoka kwenye beringi. Mlio mmoja wa "kong" unapoingiza gia ni mchezo uliozidi. Na kwenye mvua, kumbuka kwamba difu ya kawaida ilipoteza gurudumu moja na la pili likaishika nyuma ya gari. Sasa yakiteleza yanateleza yote mawili, na mkia unaondoka ghafla zaidi. Kanyaga mafuta taratibu mpaka mguu wako uizoee.