Mtaro wa soko: jinsi ya kupeleka jambo barazani hadi litengewe pesa

Nauza samaki wakavu, mukene (dagaa) na angara, katika soko la mji wetu mdogo huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, na mimi ndiye katibu wa chama cha wauzaji. Zamani mvua ikinyesha, mtaro wa upande wa chini ulirudisha maji machafu hadi chini ya meza zetu. Sasa maji yanapita. Akina mama wa masoko mengine wananipigia simu kuuliza tulifanyaje, na kila nikimaliza kuwajibu nakumbuka kitu nilichosahau. Kwa hiyo naandika.

Jambo la kwanza ni kujua nani anaamua na nani anatekeleza. Mwenyekiti wa LC3, yaani baraza la mji, na madiwani tunawachagua kwa miaka mitano. Wao hujadili na kupitisha. Karani wa mji ni mtumishi wa serikali, na chini yake wako mweka hazina na mtu wa ujenzi. Sisi tulipoteza mwaka mzima kwa kutojua hili. Tulimwita mwenyekiti, akaja, akasimama nasi kwenye matope na kuahidi mbele ya soko zima. Tulipiga vigelegele. Naamini aliahidi kwa moyo safi, lakini pesa za mwaka ule zilikuwa zimeshapangwa, na ahadi yenyewe haikuandikwa popote.

Kwa hiyo shika kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na baraza linatakiwa liwe limepitisha bajeti kufikia tarehe 31 Mei. Mkutano wa bajeti, ule ambao wananchi hualikwa, kwa kawaida huwa Oktoba au Novemba. Ukija na shida yako Juni, utasikilizwa kwa heshima na utasubiri mwaka mwingine. Anza Agosti.

Anzia kwenye seli yako, yaani mtaa wako, kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la ngazi ya chini kabisa. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa baraza la LC1, kwa hiyo una haki ya kusimama na kusema. Hakikisha katibu anaandika azimio, waliohudhuria wanatia sahihi, na mhuri unapigwa. Nakala ipeleke kwenye kata, maana huko ndiko mahitaji ya seli zote yanakokusanywa.

Kisha andika barua kwa karani wa mji. Ukurasa mmoja unatosha. Ya kwetu ya zamani ilikuwa kurasa nne za malalamiko na haikujibiwa. Ya pili ilikuwa na hesabu. Tulichukua kamba ya manila, tukafunga fundo kila mita, tukaupima mtaro: mita 84. Tulihesabu meza zinazoingiwa na maji: 37. Halafu, na hili ndilo naliona lilikuwa na nguvu kuliko yote, tulikusanya risiti za ushuru wa mwezi mmoja za meza hizo 37, tukajumlisha, na jumla tukaiweka katika aya ya kwanza. Wako waliotaka tutishie kuacha kulipa ushuru. Nilikataa na bado nakataa. Anayelipa na kuonyesha risiti anadai haki yake. Aliyeacha kulipa anageuka mdaiwa, na mazungumzo yanahama kwenye mtaro yanakuja kwake.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki masijala, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila mhuri huo, kesho utaambiwa barua haijaonekana.

Sasa mtafute diwani wa kulibeba jambo. Wengi wanamfuata diwani wa kata yao tu, lakini barazani kuna wengine: theluthi moja ya viti ni vya wanawake, na wapo wawakilishi wa vijana, wa wazee na wa watu wenye ulemavu. Kwetu aliyelibeba ni mheshimiwa anayewakilisha watu wenye ulemavu. Baiskeli yake ya magurudumu matatu ilikwama kwenye maji yale siku ya soko, tukaibeba akina mama watano. Hakuhitaji kuelezwa. Yumo katika kamati ya ujenzi, na kwenye kamati ndiko kazi inakofanyika kweli: huko bei zinatajwa, miradi inapangwa wa kwanza na wa mwisho. Likifika baraza kamili bila kupita kamati, mara nyingi linarudishwa.

Baraza hukutana angalau mara moja kila miezi miwili, na vikao viko wazi kwa wananchi. Nenda. Kaa nyuma, zima sauti ya simu, usiseme mpaka spika akuruhusu. Kwetu wanachanganya Kiingereza, Kilugbara na Kiswahili. Karatasi ni za Kiingereza, kwa hiyo mimi nilikwenda na binti yangu aliyemaliza sekondari. Unachokitafuta ni namba ya azimio katika kumbukumbu za kikao. Iandike. Tangu siku hiyo, kila barua yako itaje namba hiyo.

Bajeti ikipita, pesa haiji yote Julai. Inakuja kwa robo za mwaka, na kiasi kilichopokelewa kinapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Usipokiona, andika kuomba taarifa. Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 inampa mtu wa ofisi siku 21 kukujibu. Sisi tuliandika mara moja, tukajibiwa.

Omba pia nakala ya orodha ya kazi na vifaa kabla fundi hajaanza. Yetu ilisema kalvati nane. Asubuhi ya kazi nilikuwa sokoni saa kumi na mbili na nusu, na lori likaja na kalvati sita. Nilimpigia mtu wa ujenzi kabla hazijashushwa, nikamsomea karatasi mstari kwa mstari. Mbili zilizobaki zililetwa kesho yake, na fundi hakufukia shimo mpaka mimi na mwenyekiti wa LC1 tulipozihesabu.