Dar mpaka Livingstone kwa gari yenu wenyewe, na watoto wadogo nyuma

Wazazi wenzangu mnaotamani kuwapeleka watoto Victoria Falls kwa barabara, inawezekana kabisa na wala huhitaji gari la mamilioni. Dar mpaka Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na hayo maporomoko, ni kama kilomita 2,400 kwenda tu, njia nzima ni lami (mashimo yapo, nitayasema), Zambia wanaendesha kushoto kama sisi, na Mtanzania haombi viza. Kinachowaharibia wengi ni kitu kimoja: baba anapiga hesabu ya kilomita kama vile yuko peke yake na kahawa yake. Ukiwa na mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa sita hesabu inaanzia kwao, mtoto anakaa vizuri kwenye gari masaa mawili hivi halafu anataka kushuka akimbie, na kwa siku nzima masaa matano ya kuwa barabarani yanamtosha. Kwahiyo panga siku kumi na moja za kwenda, nane za barabarani na tatu za kupumzika, na hizo siku za njiani uzihesabu kuwa ndo likizo yenyewe.

Muda mzuri ni likizo ya mwezi wa sita. Mvua zimeisha, barabara kavu, na maporomoko bado yana maji mengi. Ukienda Oktoba au Novemba upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mtupu sehemu kubwa, na ni huzuni umemtoa mtoto Mbagala mpaka kule aje aangalie mawe. Ila Juni Nyanda za Juu kuna baridi kali jamani, kuanzia Mafinga, Makambako mpaka Mbeya, watoto wa Dar hawajaizoea, masweta, soksi na kofia viwe kwenye begi la juu juu sio chini ya mizigo.

Makaratasi anza miezi miwili kabla. Kila mtoto awe na pasipoti yake hata kama bado ananyonya, na iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Beba cheti cha kuzaliwa original, angalia majina ya wazazi yafanane na ya kwenye pasipoti zenu. Kama mzazi mmoja haendi, au mmembeba mtoto wa dada yako, pata barua ya ridhaa ya wazazi wake yenye muhuri wa mwanasheria, usiseme "sisi ni ndugu wanajua tu", afisa wa mpakani hakujui na kazi yake ni kumlinda huyo mtoto. Kadi ya njano ya homa ya manjano nayo, chanjo ni kuanzia miezi 9, na ukichoma mara moja inatosha maisha.

Ya gari: kadi iwe na jina lako, kama ni ya kampuni au ya shemeji pata barua ya kuruhusiwa kuitoa nje ya nchi. Pitia TRA mapema uulize utaratibu wa kuitoa kwa muda. Bima ya hapa haivuki, mwambie mtu wa bima akukatie Yellow Card ya COMESA (bima ya gari ya kuvuka mipaka, sio ile kadi ya njano ya chanjo), inakatwa hapahapa. Triangle mbili, fire extinguisher, na stika za kung'aa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, trafiki wa Zambia wanaziangalia. Service fanya wiki mbili kabla, sio siku moja kabla, maana fundi akifunga kitu vibaya bora kikusumbue Ubungo kuliko kikusumbue katikati ya Mpika na Serenje kule Zambia. Brek, mfumo wa maji ya rejeta, mikanda, tairi zote pamoja na spea. Tairi kipara liache nyumbani.

Na viti vya watoto. Hapa sitaki mjadala. Mtoto hakai mapajani kwa kilomita 2,400, anunuliwe kiti chake hata cha mtumba kizuri ambacho hakijapata ajali, kifungwe kwa mkanda mpaka ukikitikisa hakichezi.

Vituo vyenu viwe hivi. Toka Dar saa kumi na moja na nusu alfajiri watoto wakiwa bado na nguo za kulalia, mtavuka foleni ya Kibaha wamelala, chai mnywe Morogoro, mlale Mikumi. Barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50, watoto wataona pundamilia na twiga bila kulipa kiingilio, ila nenda taratibu, ukigonga mnyama faini yake ni ya dola. Siku ya pili Iringa, ni kama kilomita 200 tu lakini kuna Kitonga. Mlima una kona, malori yanapanda kwa gia ya kwanza na usijaribu kuyapita kwenye kona hata ukikaa nyuma yake nusu saa. Hapo ndo watoto wanatapika, kwahiyo kuanzia Ruaha Mbuyuni zima katuni, simu weka mbali, vioo shusha kidogo, waambie waangalie mbele, na kila mtoto awe na kindoo kidogo chenye mfuniko miguuni pake, mfuko unavuja niamini. Siku ya tatu Mbeya, halafu MPUMZIKE siku nzima Mbeya, fueni nguo, watoto wacheze.

Tunduma, mpakani, fika asubuhi. Ile foleni ndefu ya malori sio yenu, magari madogo yanapita pembeni, uliza askari. Mgawane kazi: mzazi mmoja anaingia na faili, mwingine anabaki na watoto mpaka waitwe kuonekana sura. Faili ipange kwa mpangilio wa madirisha, pasipoti juu, kadi za njano, kisha kadi ya gari, bima, barua. Upande wa Zambia utachukua kibali cha muda cha gari, na utalipia ushuru wa hewa chafu, tozo ya barabara na ya halmashauri, risiti zote ziweke pamoja maana mbele wataziomba. Vishoka watakuja wengi na wanaongea Kiswahili safi, usimpe mtu pasipoti ya mtoto ashike. Hela badilisha benki au bureau, sio kwa kijana wa barabarani.

Ukishavuka rudisha saa nyuma saa moja. Inaonekana kitu kidogo ila giza litakuwahi kwa saa yao, na watoto njaa itawauma kwa saa ya Dar. Usiku msitembee kabisa kule, malori yanaegeshwa bila taa, baiskeli za mkaa, na mashimo, hasa kati ya Mpika na Serenje. Lala Chinsali au Mpika, kisha Serenje, kisha Lusaka, hapo pumzikeni tena siku mbili. Tanki likifika nusu jaza, sheli ni chache. Kwacha ndogondogo ziwe karibu kwa ajili ya vituo vya tozo. Laini ya simu nunua ya kwao, ramani pakua kabla. Chakula hakina shida, nshima ni ugali, watoto watakula bila kubembelezwa.

Kuanzia Makambako njia hii inakaribiana na reli ya TAZARA sehemu nyingi mpaka Kapiri Mposhi, kabla ya Lusaka, wape watoto kazi ya kutafuta treni, inawakalisha kuliko tablet.

Dawa: ORS, paracetamol ya maji, kipima joto, neti. Mkirudi mtoto akipata homa ndani ya wiki kadhaa akapimwe malaria haraka.

Lusaka mpaka Livingstone kama kilomita 470, zikateni Choma. Kwenye maporomoko mwezi wa sita mvuke unanyesha kama mvua, vaeni makoti ya mvua, simu kwenye mfuko wa plastiki, na njia inateleza, kila mtoto na mkono wa mtu mzima hasa kwenye lile daraja la watembea kwa miguu. Mtoto asishike biskuti mkononi, nyani wa pale wanapora. Kaeni siku tatu: moja ya maporomoko, moja ya makumbusho na kuogelea, moja kutembea kwa miguu kwenye daraja la reli la 1905 linaloenda Zimbabwe, pasipoti mkononi, gari iacheni Zambia msianze makaratasi mapya.

Kurudi wengi wanakimbiza, usikimbize, idadi ya siku iwe ileile na vituo vilevile, sehemu za kulala mnazijua tayari, na mfike Dar Alhamisi ili watoto wapate siku tatu za kulala kabla ya shule.