Namna ya kumsimulia Lord Shaftesbury mbele ya watu wa Lamu

Usianze na cheo cha Mwingereza huyu, mbunge aliyetetea watoto na wafanyakazi. Ukifungua kwa "Anthony Ashley-Cooper, Earl wa 7 wa Shaftesbury, alizaliwa London tarehe 28 Aprili 1801", wazee wa barazani watarudi kwenye bao lao kabla hujamtaja baba yake. Anza na punda. Lamu hii, nani hana la kusema kuhusu punda?

Waambie kwamba wachuuzi wa London, wale wa mikokoteni ya matunda na samaki, walimzawadia bwana mkubwa huyu punda, naye akampeleka kumfuga kwake Dorset. Alikuwa amejiandikisha kwenye chama chao, akawa na mkokoteni wake uliochorwa nembo ya ukoo wake, na mchuuzi asiye na mkokoteni aliazimwa huo. Hapo watakuuliza wenyewe aliwafanyia nini watu wale hata wakampenda hivyo. Sasa unaweza kurudi nyuma.

Utotoni pita mbio, ila simama kidogo kwa Maria Millis. Wazazi wake hawakumwonyesha mapenzi. Mtumishi huyu wa nyumbani ndiye aliyemlea na kumfundisha kusali. Alipokufa alimwachia saa yake ya dhahabu, naye akaitumia mpaka uzeeni. Nikifika kwenye saa hiyo, mabinti wanaokuja kusoma dakani kwangu huweka simu chini. Shule ya Harrow na chuo cha Oxford, sentensi moja yatosha. Bungeni aliingia 1826, akiwa na miaka 25. Na mapema kabisa waeleze kwamba mpaka baba yake alipofariki 1851 aliitwa Lord Ashley, wasije wakadhani unawasimulia watu wawili.

Kwenye kazi zake chagua moja uichimbe. Wengi hukimbilia migodi ya makaa, na wana haki: sheria ya 1842 ilipiga marufuku wanawake wote, na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi. Ilipatikana baada ya tume ya uchunguzi kuchapisha michoro ya watoto waliofungwa minyororo wakivuta mikokoteni ya makaa. Mimi lakini huchagua dohani.

Nyumba zetu hazina dohani, kwa hiyo eleza taratibu. Nchi ni ya baridi, vyumbani huwashwa moto wa makaa, na moshi hupanda juu kwa njia nyembamba iliyojengwa ndani ya ukuta. Njia hiyo hujaa masizi. Mtoto mdogo alipenyezwa humo, akapanda gizani kwa magoti na viwiko huku akikwangua. Yakimchubuka, alisuguliwa maji ya chumvi kali ili ngozi ikomae. Ukiwa kwenye nyumba ya mawe, mwambie mtoto mmoja atie mkono kwenye kidaka cha ukutani, kisha afikirie kuingia mwili mzima.

Lazima mtu atauliza, kwani hakukuwa na sheria? Zilikuwepo tele! Ya 1788, ya 1834, ya 1840, ya 1864. Ile ya 1840 ilikataza mtu yeyote wa chini ya miaka 21 kupanda dohani. Watoto wakaendelea kupanda vilevile, maana hakuna aliyepewa kazi ya kukagua, na wenye majumba hawakutaka gharama ya kurekebisha dohani zao. Februari 1875 mvulana aitwaye George Brewster alikwama kwenye dohani ya hospitali moja karibu na Cambridge. Ukuta ulibomolewa akatolewa, lakini hakuishi. Shaftesbury, mzee wa miaka 73 aliyekuwa ameipigania habari hii miaka mingi, akapeleka mswada mwingine: hakuna kusafisha dohani bila leseni, na leseni hutolewa na polisi. Hiyo ndiyo iliyoshika. Hapa usiharakishe, tofauti ya sheria ile na zilizotangulia ni ile leseni, na wasikilizaji wasipoikamata umepoteza jioni yao.

Usimpambe kupita kiasi. Sheria ya 1847 ya saa 10 za kazi viwandani kwa wanawake na vijana huandikwa kwa jina lake, na kweli aliipigania miaka mingi, ila siku ilipopita hakuwa bungeni. Alijiuzulu kiti 1846 kwa mzozo wa ushuru wa nafaka, na aliyeufikisha mswada mwisho ni John Fielden. Mtaje. Taja pia kwamba wapinzani walimsuta kwa vibanda vibovu vya wakulima wa shamba la baba yake. Aliporithi alikuta madeni, akajenga nyumba mpya kidogo kidogo. Mirathi yenye madeni, hapa haihitaji maelezo.

Kijana mwenye simu atatafuta picha ya ukumbusho wake pale Piccadilly Circus, kazi ya Alfred Gilbert ya 1893, na wote watacheka sanamu ya mwenye mabawa na upinde. Waonyeshe chini yake: ilijengwa iwe chemchemi ya maji ya kunywa, sabili hasa.

Swali la mwisho huwa moja: je, wakati huo Mwingereza alikuwa anatutawala? Mjibu kwa miaka. Shaftesbury alikufa tarehe 1 Oktoba 1885. Lamu ilikuwa chini ya Sayyid Barghash wa Unguja, na Mei ya mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wametangaza himaya yao Witu, bara karibu na Lamu. Ukilitaja tu jina la Witu, mzee mmoja atakudakia maneno na hutayapata tena. Keti umsikilize.