Emuleta za Game Boy Advance: ipi uchague, na sevu zako uzilinde vipi

Game Boy Advance (GBA), konsoli ya mkononi ya Nintendo, ilitoka mwaka 2001 ikiwa na prosesa ya ARM7 ya 16.78 MHz na skrini ya pikseli 240 kwa 160. Simu dhaifu ya leo inaimudu bila jasho. Kwa hiyo swali la emuleta (programu inayoiga konsoli) ipi ina kasi zaidi limeshapitwa na wakati, isipokuwa kwa vifaa vichache tutakavyovitaja. Uliza mambo mawili tu: emuleta inaiga kwa usahihi gani chipu zilizokuwa ndani ya katriji (kasha la gemu linalochomekwa kwenye konsoli), na sevu zako, yaani maendeleo uliyohifadhi, inaziweka wapi, katika faili ya aina gani. Wanaochagua kwa uzuri wa menyu ndio wanaopoteza saa 40 za mchezo siku wanapobadilisha simu.

Ipi kwa kifaa kipi

Kwenye kompyuta, iwe ya Windows, macOS au Linux, chukua mGBA. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inacheza pia gemu za Game Boy na Game Boy Color, na hutambua yenyewe aina ya sevu kwa karibu gemu zote za asili. NanoBoyAdvance inamfaa anayejali usahihi kuliko vitu vya ziada. No$gba ni chombo cha watengenezaji wa gemu, si cha mchezaji. VisualBoyAdvance (VBA) ya zamani, zile 1.7.2 na 1.8 beta zinazozunguka bado, iache. Kama umeizoea sura yake, VBA-M ndiyo inayoendelezwa.

Kwenye Android, mGBA haina programu yake rasmi. Inapatikana kama kiini, yaani injini ya kuendesha gemu, ndani ya programu nyingine: Lemuroid kwa asiyetaka kusumbuka na mipangilio, RetroArch kwa anayetaka kugusa kila kitu. RetroArch ina menyu za kuchosha, lakini ukishaipanga mara moja unasahau kwamba ipo. Pizza Boy A nayo ni nzuri, hasa kwa vitufe vyake vya skrini.

Kwenye iPhone, Delta imo App Store tangu Aprili 2024, Apple ilipoanza kuruhusu emuleta za konsoli za zamani. Hutoa sevu kama faili ya kawaida unayoweza kuihamisha, na hilo tu latosha kuipendekeza.

Vifaa dhaifu kweli, kama PSP au konsoli ndogo za mkononi za prosesa za zamani, ndivyo pekee vinavyohitaji gpSP. Inakimbia sana kwa sababu hutafsiri msimbo wa ARM moja kwa moja badala ya kuusoma amri moja moja, ila usahihi wake ni mdogo na gemu chache huharibika sauti au kukwama. Mwenye Nintendo 3DS iliyofunguliwa ili iendeshe programu zisizo rasmi hahitaji emuleta hata kidogo: ndani yake mna vifaa vinavyoweza kuendesha gemu za GBA, na programu ya open_agb_firm huvitumia hivyo.

Romu na BIOS

Romu ni nakala ya gemu ya katriji katika faili. Gemu za kibiashara zina hakimiliki. Njia safi ni kunakili katriji zako mwenyewe. Kifaa cha GBxCart RW kikiwa na programu ya FlashGBX husoma romu na sevu pamoja kupitia USB. Nintendo DS ya kwanza au DS Lite yenye kadi ya kuendeshea programu zisizo rasmi nayo inaweza, kupitia tundu lake la katriji za GBA na programu ya GBA Backup Tool. Zipo pia gemu za bure zilizotengenezwa na wapenzi wa konsoli hii, kama Anguna, na zinafaa kwa kujaribia emuleta kabla hujaanza kuhangaika na katriji.

Romu nyingi zina ukubwa wa MB 4, 8, 16 au 32. Huna haja ya kuzitoa ndani ya zip. mGBA huzisoma humohumo. BIOS, programu ya ndani inayowasha konsoli, ni faili ya baiti 16,384 kamili, na si lazima: mGBA ina mbadala wake. Utaihitaji tu ukitaka nembo ya kuwashia konsoli, au kwenye gemu chache zinazotegemea tabia yake halisi.

Kuanza na mGBA kwenye kompyuta

1. Tengeneza folda moja ya gemu mahali ambapo programu ina ruhusa ya kuandika. Sevu hukaa kando ya romu. Ukiweka romu ndani ya Program Files, Windows inaweza kuzuia uandishi na sevu isionekane.
2. Ipe romu jina fupi lisilobadilika, kwa mfano `emerald.gba`. Sevu itaitwa `emerald.sav`. Ukibadilisha jina la romu baadaye bila kubadilisha la sevu, gemu itaanza upya kama haijawahi kuchezwa.
3. Fungua romu. Mishale ni mwelekeo, X ni A, Z ni B, herufi A na S ni L na R, Enter ni Start, Backspace ni Select.
4. Sevu ndani ya gemu mara tu inaporuhusu, funga programu kabisa, fungua tena. Kama sevu ipo, endelea. Kama haipo, usicheze zaidi. Nenda sehemu inayofuata.

Hatua ya nne huchukua dakika tano, na wengi huiruka.

Sevu: hapa ndipo penye matatizo

Katriji za GBA hazikuhifadhi kwa namna moja. Nyingine zilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya EEPROM ya baiti 512 au KB 8, nyingine SRAM ya KB 32 yenye betri, nyingine Flash ya KB 64 au 128. Kichwa cha romu hakisemi ni ipi, hivyo emuleta hutafuta kwenye orodha yake au huangalia gemu inavyoomba. Kwa gemu ya asili huwa inapatia. Kwa romu iliyorekebishwa na mashabiki, ambayo utambulisho wake huenda umebadilishwa, hukosea mara kwa mara.

Dalili ya kawaida ni gemu kukubali kusevu kisha kusahau kila kitu. Pokémon FireRed husema wazi: "The 1M sub-circuit board is not installed". Maana yake ni kwamba imepewa Flash ya KB 64 ilhali inataka 128. Kwenye mGBA nenda "Tools", kisha "Game Overrides", weka aina ya sevu iwe Flash ya KB 128, hifadhi, halafu ondoa faili ya .sav iliyokosewa na uwashe gemu upya. Aina isiyo sahihi haigeuki yenyewe kuwa sahihi, ndiyo maana jaribio linafanywa mwanzoni.

Hapohapo pana saa ya ndani. Pokémon Ruby, Sapphire na Emerald zilikuwa na saa ndani ya katriji. Ikikosekana utaambiwa "The internal battery has run dry", na matunda uliyopanda hayakui. Iwashe. Pana pia chaguo la kuiga hitilafu za VBA ya zamani: baadhi ya romu zilizorekebishwa zilijaribiwa humo tu, zikategemea makosa yake, na emuleta sahihi huziangusha. Ukiona romu ya namna hiyo inaishia kwenye skrini nyeupe, jaribu hilo kabla ya kuilaumu faili. Hakikisha pia kiraka chenyewe (faili yenye mabadiliko ya mashabiki) kimebandikwa juu ya romu iliyokusudiwa. Faili ya .ips, .ups au .bps yenye jina sawa na romu, katika folda ileile, hubandikwa yenyewe wakati wa kufungua bila kugusa romu ya asili.

Sasa steti. Steti ni picha ya kumbukumbu yote ya konsoli kwa sekunde fulani. Kwenye mGBA unaipiga kwa Shift na F1 hadi F9, na kuirudisha kwa F1 hadi F9 bila Shift. Ni tamu kwa mapambano magumu, lakini isiwe hifadhi yako kuu. Steti ya emuleta moja haisomeki kwenye nyingine. Na kuna mtego mbaya zaidi: kwenye emuleta nyingi steti hubeba ndani yake hata sevu ya katriji, hivyo kurudisha steti ya wiki iliyopita kunafunika sevu ya leo. RetroArch ikiwa imewekwa kupakia steti yenyewe kila unapofungua gemu, unaweza kufanya hivyo bila kujua.

RetroArch ina jingine. Faili yake ya sevu, .srm, inaweza kuandikwa tu pale unapofunga gemu kwa utaratibu, na simu inapoua programu ili kuokoa kumbukumbu, sevu hupotea nayo. Nenda "Settings", "Saving", weka "SaveRAM Autosave Interval" kuwa sekunde 10.

Kuhamisha sevu kutoka .srm kwenda .sav kwa kawaida ni kubadilisha jina tu, lakini angalia ukubwa kwanza. Baiti 131,072 ni Flash ya KB 128 safi. 131,088 ni ileile pamoja na baiti 16 za saa zinazoongezwa na mGBA. Ukikuta 139,264, faili hiyo imetoka kwenye kiini kama VBA Next kinachounganisha Flash na EEPROM pamoja, na itahitaji kugeuzwa kwanza.

Picha na sauti

Skrini ya GBA ya kwanza haikuwa na taa, kwa hiyo wachoraji walizidisha rangi ili zionekane. Kwenye skrini ya kisasa zinaumiza macho. Washa marekebisho ya rangi, "Color Correction" kwenye kiini cha mGBA. Kama kivuli au moshi unamemetameta, si hitilafu: gemu ilikuwa inawasha na kuzima picha kila fremu, na skrini ya zamani isiyobadilika haraka ikazichanganya. "Interframe Blending" inarudisha hali hiyo.

Kuza kwa namba kamili. Kwenye skrini ya kimo cha pikseli 1080, mara 6 inatoa 1440 kwa 960, na mistari myeusi ya pikseli 60 inabaki juu na chini. Ukilazimisha kujaza, baadhi ya pikseli zinakuwa nene kuliko jirani zake na maandishi yanachezacheza.

Sauti ikikwaruza, ongeza bafa (akiba ya sauti inayoandaliwa mapema). Ikichelewa, punguza, na vua vipokea sauti vya Bluetooth kabla ya kulaumu emuleta.

Kebo ya kuunganisha

mGBA huiga kebo iliyounganisha konsoli za wachezaji, kati ya madirisha ya kompyuta moja, hadi wachezaji 4: "File", kisha "New multiplayer window". Ukifungua romu ileile, dirisha la pili halitumii .sav bali faili yenye jina hilohilo na mwisho wa .sa2. Ukitaka kubadilishana Pokémon na sevu yako nyingine, inakili iwe .sa2 kabla ya kufungua. Gemu hizo husevu zenyewe pande zote mbili mara tu mabadilishano yanapokamilika, kwa hiyo usifunge dirisha lolote mpaka ujumbe wa kusevu uondoke kote.