Namna ya Kumsoma Arrian, Mwanahistoria wa Vita vya Alexander

Mwanafunzi wa historia hapa Unguja au Pemba anayetaka kuzijua safari za kivita za Alexander wa Makedonia atafika kwa Arrian mapema, na ni vyema afike akiwa amejitayarisha. Arrian alikuwa Mgiriki wa mji wa Nicomedia, ambao leo ni Izmit nchini Uturuki. Aliishi chini ya dola ya Roma katika karne ya 2 baada ya Kristo, akasoma falsafa kwa Epictetus, kisha mfalme Hadrian akampa ugavana wa jimbo la Cappadocia, katika Uturuki ya leo. Kitabu chake kikuu, Anabasis, kina sehemu saba, nacho kinasimulia vita vya kuanzia mwaka 336 hadi 323 kabla ya Kristo. Kwa hiyo kati ya mwandishi na mambo anayoyaandika kuna zaidi ya miaka 400, na swali la kwanza la msomaji liwe hili: ameyapata kwa nani?

Anza na dibaji, wala usiiruke kwa kuwa ni fupi. Humo Arrian anasema kwamba amewategemea watu wawili, Ptolemy na Aristobulus, ambao wote walikuwa katika msafara wa Alexander. Wakikubaliana, anaandika habari yao kuwa ni kweli tupu. Wakihitilafiana, anachagua ile anayoiona ya kuaminika zaidi na inayostahiki zaidi kusimuliwa. Sababu anazitaja pia: wawili hao waliandika Alexander akiwa amekwisha kufa, kwa hiyo hapakuwa na shuruti wala tamaa ya malipo, tena Ptolemy alikuwa mfalme, na uongo ni aibu zaidi kwa mfalme. Habari za watu wengine anaziingiza kwa jina la yanayosemwa tu. Aliyepita chuoni na kufundishwa kuuliza riwaya imetoka kwa nani, na huyo naye kaipokea kwa nani, hatapata tabu kumwelewa. Hata hivyo hoja ya ufalme wa Ptolemy usiikubali kwa wepesi, kwani mfalme aliyeirithi Misri kutoka katika dola ya Alexander alikuwa na sababu zake za kujipamba yeye na bwana wake.

Baada ya dibaji, soma ukiwa na penseli. Pembeni mwa ukurasa weka P panapotajwa Ptolemy, A panapotajwa Aristobulus, na S kila penye neno “inasemekana”. Kazi hii inachosha mwanzoni, lakini hakuna njia nyingine ninayoiamini zaidi. Katika sehemu ya tatu, safari ya Siwah, chemchemi ya jangwani Misri, utakuta Ptolemy akisema jeshi liliongozwa jangwani na nyoka wawili waliotoa sauti, ilhali Aristobulus anasema walikuwa kunguru wawili. Katika sehemu ya nne, Aristobulus anasema Callisthenes, mwanahistoria aliyefuatana na Alexander, alizungushwa na jeshi akiwa amefungwa minyororo hadi akafa kwa maradhi. Ptolemy anasema aliteswa kisha akanyongwa. Hapo Arrian mwenyewe anakiri kwamba hata mashahidi wa kuaminika kabisa hawakuafikiana juu ya jambo lililojulikana na wengi, na ukurasa huo una faida kwa mwanafunzi kuliko maelezo mengi ya mapigano.

Hesabu za majeshi zinataka uangalifu wa namna hiyo hiyo. Kwa vita vya Gaugamela vya mwaka 331 kabla ya Kristo, Arrian anampa Alexander wapanda farasi 7,000 na askari wa miguu wapatao 40,000, lakini kwa upande wa Darius, mfalme wa Uajemi, anataja wapanda farasi 40,000 na askari wa miguu 1,000,000, akitanguliza kuwa ndivyo ilivyosemwa. Usiinukuu milioni hiyo katika insha huku ukiliacha neno lililoitangulia.

Yako mambo ambayo Arrian aliyajua bila ya kusimuliwa. Mwaka 135 baada ya Kristo alilipanga jeshi la Kirumi dhidi ya Waalani, kabila la wapanda farasi, na amri zake zimehifadhiwa kwa sehemu: askari wanyamaze kimya mpaka adui awe karibu vya kutosha kupigwa, kisha wapige ukelele mmoja wa kutisha. Ukimsoma akieleza nani alisimama ubavu wa kulia na nani wa kushoto, unamsoma mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Msomaji wa visiwani asipite haraka sehemu ya sita, mlangoni mwa mto Indus. Maji yalipopwa, merikebu zikabaki juu ya tope, na askari waliozoea bahari isiyopwa sana wakashangaa; yaliporudi, yakaziinua zilizokaa sawa na kuzigonganisha nyingine. Mtu wa Chwaka ataelewa upesi kuliko mwanajeshi wa Makedonia. Kisha afungue Indica, kitabu kingine cha Arrian, ambamo Nearchus, amiri wa merikebu za Alexander, anangojea upepo wa kiangazi utokao baharini upungue, anaondoka, kisha anakwama bandarini siku 24, watu wake wakiokota chaza na kome na kunywa maji ya chumvichumvi. Upepo huo unatokana na majira yale yale yanayotuletea kusi.

Wako wafasiri wa Qur’ani waliomnasibisha Dhul-Qarnayn na Alexander, na wako waliokataa. Mjadala huo una wenyewe, na Arrian si shahidi wake.

Liko jambo moja jingine linalotuhusu. Waraka wa mabaharia wa karne ya 1 baada ya Kristo, uitwao Periplus ya Bahari ya Eritrea, unaokitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia, ulinakiliwa zamani kwa jina la Arrian, kwa kuwa naye aliandika waraka wa safari ya Bahari Nyeusi. Si wake. Ukiutumia katika historia ya pwani yetu, andika kwamba mwandishi wake hajulikani.