Mambo ya kuzingatia kabla hujasema DVD draivu ya kompyuta yako imekufa

Mtu draivu ikigoma kusoma diski mara moja tu, keshabeba kompyuta nzima kwenda kwa fundi au keshatoa hela kununua nyingine, kumbe draivu ni nzima na tatizo ni waya, au vumbi, au diski yenyewe. Tulia kwanza. Pitia haya kwa mpangilio huu huu na usiruke.

Andaa vitu kabla hujagusa chochote. Unahitaji CD moja ya muziki ya dukani na DVD moja ya dukani, sio za kuchoma mtaani, ziwe safi na ziwe zile ambazo hata zikiharibika leo hutalala na mawazo. Hili la diski za kujaribia nitalirudia chini na nakuomba ulisome lote. Halafu klipu ya karatasi, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na bisibisi ya nyota. Basi.

Waya ndo wa kwanza. Kama ni desktop, izime, chomoa ukutani kabisa, shika chuma cha kava utoe umeme tuli mwilini, ndo ufungue. Nyuma ya draivu ya SATA (aina mpya ya muunganisho) kuna waya mbili, mwembamba wa data na mpana kidogo wa umeme, chomoa zote rudisha, na ukiweza badilisha ule wa data maana hulegea na kukatika kwa ndani bila kuonekana. Zile za zamani za IDE zenye waya bapa mpana, angalia na kile kijumpa (kikofia kidogo cha plastiki nyuma ya draivu) cha kuchagua master au slave, yaani kifaa cha kwanza au cha pili, vifaa viwili kwenye waya mmoja vikiwekwa sawa vinagombana. Laptopu nayo mara nyingi draivu imeshikwa na skrubu moja tu chini, ifungue, ivute nje, irudishe mpaka ikae, kuna laptopu nyingi zimepona hapo hapo.

Trei haitoki na taa haiwaki, hilo ni suala la umeme. Trei inatoka vizuri lakini Windows haiioni draivu, washa upya uingie kwenye bayosi (BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka) uangalie kama jina lake lipo. Bayosi isipoiona usipoteze siku nzima kuhangaika na Windows, rudi kwenye waya. Bayosi ikiiona na Windows ikaweka alama ya njano kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), iondoe humo humo (uninstall) uwashe upya, itajirudisha yenyewe. Ikikataa na inaonyesha code 39 au 19, mara nyingi ni programu ya kuchoma diski iliyoondolewa vibaya ikaacha maingizo ya UpperFilters na LowerFilters kwenye rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows), hapo kama hujawahi kugusa rejistri mwite anayeijua na atunze nakala yake kwanza. Afu kuna wanaolalamika draivu mbovu kwa sababu filamu haichezi, wakati mafaili ya kawaida yanafunguka, hiyo sio draivu, kuanzia Windows 8 haiji na programu ya kucheza DVD, weka VLC, programu ya bure ya kucheza video, uendelee na maisha.

Sasa zile diski mbili za dukani. Ingiza CD, kisha DVD, uone ipi inasomeka. Ndani ya draivu CD na DVD zinasomwa na mwanga tofauti, CD ni leza ya nanomita 780 ambayo jicho halioni, DVD ni nyekundu ya nanomita 650, kwa hiyo moja inaweza kufa nyingine ikabaki. Draivu inayosoma CD zote na kukataa DVD zote, leza ya DVD imechoka, hapo badilisha. Ikisoma zote mbili za dukani ila inakataa ile uliyochomewa na mpiga picha, draivu yako nzima, diski ndo ina shida, inawezekana hata haikufungwa (finalize, hatua ya mwisho ya kuchoma) baada ya kuchomwa na inakubali kwenye mashine yake tu, mrudishie. Ikikataa zote, safisha lenzi. Kwenye laptopu lenzi iko wazi kwenye trei, zima kwanza, kijiti cha pamba na spiriti kidogo sana, gusa taratibu bila kukandamiza, usipulize kwa mdomo maana mate yanaganda pale.

Na hili ndo nilisema nitalirudia. Kamwe usijaribu draivu kwa diski unayoihitaji. Mtaani kwetu kuna mama alikuwa na DVD ya harusi yake, moja tu, humo baba yake mzazi ambaye ameshafariki anampa nasaha mbele za watu. Ndo iliyomfanya atengeneze draivu. Nilikuwepo nasubiri chaja yangu. Fundi akafunga draivu nyingine, akaomba diski yoyote ajaribie, mama akatoa hiyo maana ndo iliyokuwa kwenye mkoba. Pale kwenye tundu la katikati ilikuwa na ufa mdogo, urefu wa punje ya mchele, zile kava zinazobana sana ndo huleta hivyo mtu akiichomoa kwa kuikunja. Hakuna aliyeuangalia. Ikasoma, picha ya ukumbi ikatokea, yule mama akasogeza kiti karibu. Fundi akaanza kunakili, draivu ikapandisha kasi, ule mvumo ukapanda ukapanda, halafu pa! Trei ikakataa kutoka. Alipofungua kava ya draivu vipande vimejaa mpaka pembeni, utando wa fedha umebanduka, lenzi imeng'oka. Mama akaviokota kimoja kimoja akaviweka kwenye kava yenye picha yao na kuuliza kama vinaweza kuunganishwa. Haviwezi. Na mpiga video alishafuta zamani.

Draivu za desktop kwa kasi ya juu zinakaribia mizunguko 10,000 kwa dakika, ufa mdogo unatosha. Kwa hiyo diski ya thamani iangalie kwenye taa, tundu la katikati kwanza. Ikiwa na ufa usiiweke popote, mtafute anayefanya kazi ya kuokoa data na umwambie kuhusu ufa kabla hajaigusa. Ikiwa nzima, inakiliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine ambayo draivu yake inajulikana ni nzima. Ukiifuta kwa kitambaa, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, data imepangwa kwa kuzunguka na mkwaruzo wa duara unafuta kipande kirefu mfululizo. Na upande wa juu wa CD usiuchezee, data iko chini tu ya ile rangi.

Diski ikinasa ndani, zima kompyuta, nyoosha klipu, sukuma kwenye kile kitundu kidogo cha mbele, trei itajisogeza, usitumie kisu. Stika za karatasi usibandike juu ya diski, zinaiyumbisha. Usiwashe draivu ikiwa wazi ukachungulia leza. Ukinunua ya laptopu pima unene kwanza, kuna za milimita 12.7 na za 9.5, na ukinunua ya nje ya USB chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, sio kwenye hab (kigawanyo cha USB) isiyo na umeme wake, maana umeme ukipungua itakatakata na utadhani nayo ni mbovu. Risiti uitunze, na uijaribie pale pale dukani kabla hujaondoka, kwa diski ya muuzaji.