Kuficha faili za .orig kwenye VS Code, na zipi zisifichwe

Ukitatua migongano (matawi mawili yaliyobadilisha mistari ileile) kwa `git mergetool`, kando ya `malipo.py` hubaki `malipo.py.orig`, nakala yake ya kabla ya kutatua. Baada ya wiki mbili za kuunganisha matawi, orodha ya faili imejaa mapacha, na siku moja utahariri pacha asiye sahihi. VS Code, programu ya kuhariri msimbo, huficha yenyewe folda za `.git`, `.svn` na `.hg`, ila nakala hizi haizigusi mpaka uiambie.

Bonyeza Ctrl+Shift+P (kwenye Mac ni Cmd+Shift+P), andika `user settings json`, ufungue faili ya mipangilio yako. Ongeza:

```
"files.exclude": {
  "**/*.orig": true,
  "**/*_BACKUP_*": true
}
```

Hifadhi, mabadiliko yanaonekana papo hapo. Mstari wa pili ni wa faili za muda, mfano `malipo_BACKUP_4312.py`, ambazo huweza kubaki ukikatiza mergetool katikati. Usiache `**/` ya mwanzo, la sivyo zitafichwa zile za folda ya juu tu. Wala usiandike `*.orig*` kwa uvivu: anayetengeneza vifurushi vya Debian (aina ya Linux) atatafuta `.orig.tar.gz` yake asiione.

Ukitaka timu nzima ipate mpangilio huo, uweke kwenye `.vscode/settings.json` ya mradi. VS Code huunganisha orodha zote mbili, kwa hiyo mradi unaohitaji kuziona unaandika `"**/*.orig": false`.

Kilichofichwa hapa hakitokei hata kwenye utafutaji. Ukitafuta kipande cha msimbo kilichopotea na kidirisha kinasema hakuna kitu, fungua sehemu ya faili za kuondoa kwenye utafutaji na uzime kitufe cha gia.

Git, kwa upande wake, haijui lolote kuhusu haya yote. Inaendelea kuziona faili hizo, na `git add .` moja inazizoa zote wakati wewe huzioni. Kwa hiyo fanya na hili:

```
git config --global core.excludesFile ~/.gitignore_global
echo '*.orig' >> ~/.gitignore_global
```

Iliyokwisha kuingia kwenye komiti haitoki kwa njia hii. Itoe kwa `git rm --cached` ikifuatiwa na jina lake.

Anayetumia Git peke yake anaweza kukata mzizi kabisa:

```
git config --global mergetool.keepBackup false
```

Hapotezi kikubwa, maana `.orig` ya mergetool ni faili ileile ikiwa bado na alama za mgongano, zile `<<<<<<<`.

Kwenye Mercurial, mfumo mwingine wa kutunza matoleo kama Git (amri yake ni `hg`), mambo ni tofauti kabisa. `hg revert` inaporudisha faili ilivyokuwa, mabadiliko yako ambayo hayajakomitiwa yanawekwa kwenye `.orig`, na mara nyingi hakuna nakala nyingine popote. Usizifute kwa mkupuo. Zihamishe kwa kuandika hivi kwenye `~/.hgrc`:

```
[ui]
origbackuppath = .hg/origbackups
```

Huko zinakaa kwa jina lao la asili, bila `.orig`, na hazionekani kwa sababu `.hg` imefichwa tayari. Revert nyingine ya faili ileile huandika juu ya nakala ya kwanza, kwa hiyo ukigundua kosa, iokoe mapema.

Faili za `.rej` ziache wazi: ni vipande ambavyo `patch` ilishindwa kuvibandika, na ukivificha utadhani kiraka kimeingia chote. Vivyo hivyo `.mine` na `.r12` za Subversion (`svn`), mfumo mwingine wa aina hiyo. Mgongano ukiwa haujatatuliwa Subversion hukataa komiti, na faili hizo ndizo za kulinganisha. Zinaondoka zenyewe ukimaliza:

```
svn resolve --accept working malipo.py
```